Je, Kuacha Cheo Ni Woga?

Msomaji kijana, wazee wetu walisema kuwa cheo ni dhamana. Neno hili limerudiwa mara nyingi hata limekuwa kama sarafu ya zamani, ambayo sura yake imefutika kwa kupita mikononi mwa watu wengi. Kila apewaye cheo hulitamka siku ya kwanza, na wengi hulisahau siku ya pili. Lakini tukilitazama vema tutaona kuwa lina swali ndani yake. Dhamana ni mali ya mtu mwingine iliyowekwa mikononi mwako uitunze. Je, ukiona kuwa huwezi kuitunza tena bila ya kuiharibu, au bila ya kujiharibu wewe mwenyewe, wajibu wako ni kuirudisha au ni kuishikilia? Mtu anayeweka cheo chini, tumwite mwaminifu au tumwite mwoga?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata darasani, na nililijibu vibaya. Nitakusimulia jambo hilo kama lilivyokuwa, kwa maana mwalimu asiyeweza kukiri kosa lake hana haki ya kusahihisha makosa ya wengine.

Nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya sekondari huko Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi. Baadhi ya wanafunzi wangu walitoka Kibera, wakaivuka Barabara ya Ngong kila alfajiri kwa miguu, vitabu kwapani na vumbi viatuni. Mmoja wao alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mpole wa maneno na mwepesi wa hesabu. Tulimfanya kiranja wa chakula. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni saa ya mchana na orodha mkononi, ili wale ambao fedha zao za chakula hazijalipwa wasiingie katika safu ya githeri.

Muhula haujafika nusu, kijana huyo alikuja mbele ya meza yangu, akaweka beji yake juu ya madaftari, akasema, "Mwalimu, naomba nisiwe kiranja tena." Nilimwuliza sababu. Akatazama chini. Wenzake walikuwa wakisikia, nami nilikuwa na haraka. Nikasema kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma kuwa mtu anayetupa jembe katikati ya palizi ni mwoga, na kwamba darasa lile halikuwa na haja ya waoga. Hakujibu neno. Alirudi kitini pake, akafungua kitabu chake, na somo likaendelea.

Majuma kadhaa yalipita kabla sijaujua ukweli. Kiranja mwenziwe alikuwa akipokea shilingi kumi kumi kutoka kwa wasiolipiwa ili majina yao yasionekane katika orodha. Asiyekuwa na shilingi kumi alirudishwa na njaa yake. Kijana wangu alitakiwa ashiriki katika mapato hayo naye apate fungu lake, akakataa. Tena alikuja mara mbili mlangoni pa chumba cha walimu ili aniarifu, na mara mbili mimi nilimwambia arudi baadaye, kwa kuwa nilikuwa nikisahihisha mitihani. Mara ya tatu hakuja kusema. Alikuja kurudisha beji. Na baada ya yeye kuondoka, yule aliyebaki alizidisha. Shilingi kumi zikawa ishirini, na msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliacha kuja shule kwa majuma matatu kwa sababu ya aibu ya pale mlangoni.

Angalia, msomaji, jinsi jambo hili lilivyo gumu. Kijana alikuwa mwaminifu, lakini kuondoka kwake kulimwachia mlango mtu asiyekuwa mwaminifu. Angebaki, pengine angechafuka. Alipoondoka, wengine waliumia. Basi alitenda mema au alitenda mabaya? Katika kutafuta jibu nilikwenda kwa mtu mkubwa zaidi, aliyeweka chini cheo kikubwa zaidi, katika mji huu huu wetu. Jina lake ni Joseph Murumbi.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 katika Bonde la Ufa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa aliyeitwa Zuzarte, na mama yake alikuwa Mmasai. Alipokuwa bado mtoto mdogo alipelekwa Bara Hindi kusoma, akakulia huko mbali na mama yake. Aliporudi Kenya, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alikuta nchi iliyopangwa kwa rangi kama rafu za duka: Wazungu juu, Wahindi katikati, Waafrika chini. Mtu wa asili mbili alikuwa na njia iliyo rahisi, nayo ni kushika ile asili iliyomweka katika rafu ya juu zaidi. Yeye alichagua kinyume. Akalichukua jina la upande wa mama yake, akawa Murumbi, na akajihesabu miongoni mwa wale waliokuwa chini.

Baada ya kufanya kazi kwa miaka kama kumi katika utawala wa Kiingereza huko Somalia, alirudi na kujiunga na chama cha Kenya African Union. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa hali ya hatari, na Jomo Kenyatta pamoja na viongozi wengine wakakamatwa. Chama kikawa kama nyumba ambayo wenyewe wamechukuliwa usiku na milango imeachwa wazi. Hapo Murumbi alishika kazi ya kaimu katibu mkuu. Huo haukuwa wakati wa kutamani cheo. Cheo kilikuwa njia fupi ya kwenda kizuizini, wala hakikuwa na mshahara wala motokaa. Alikipokea, akashiriki katika kazi ya kuwapatia mawakili wale walioshitakiwa Kapenguria.

Mwaka 1953 alitoka nchini kwenda kuieleza dunia habari za Kenya. Alifika India na Misri, kisha akakaa London kwa miaka mingi, akifanya kazi katika jumuiya ya Waingereza na wageni waliopigania uhuru wa makoloni, na baadaye katika ubalozi wa Morocco. Kwa hiyo alikuwa balozi wa nchi ambayo bado haikuwa na mabalozi. Hakuwa na bendera wala hati za kuonyesha; alikuwa na ulimi wake tu, na imani ya wale waliomtuma. Kazi ya balozi ni kuwasemea watu ambao hawapo. Akiongeza uongo, anawaibia. Akipunguza ukweli, anawaibia vilevile. Ni kazi inayomfundisha mtu kujiuliza kila jioni, "Je, niliyoyasema leo ndiyo wangeyasema wao?"

Alirudi Kenya mwaka 1962. Katika uchaguzi wa mwaka 1963 aliingia Bungeni, na uhuru ulipopatikana tarehe 12 Disemba mwaka huo alikuwa katika Serikali. Mwaka 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, akawa miongoni mwa walioziweka misingi ya balozi zetu na uhusiano wetu na mataifa. Mwezi Mei 1966 Rais Kenyatta alimfanya Makamu wa Rais. Fikiri, msomaji: mtoto aliyekulia ugenini amefika mahali ambapo palikuwa na mtu mmoja tu juu yake. Na kabla ya mwaka ule kwisha, alikuwa amekwisha kukiacha cheo hicho.

Kwa nini? Wengi walioandika habari zake wamesema kuwa mambo mawili yalimvunja moyo. La kwanza ni kifo cha rafiki yake, Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari na Mbunge, ambaye aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari 1965. La pili ni uroho wa mali na mashamba ulioanza kuonekana miongoni mwa wale waliokuwa jana wakiahidi kuwagawia wasio na kitu. Aliondoka bila ya kelele, akaingia katika biashara na katika kazi aliyoipenda kuliko zote, nayo ni kukusanya vitabu, nyaraka na kazi za sanaa za Afrika.

Sasa tuupime uamuzi huo. Mtu asifu wala asilaumu kabla ya kupima, kwa maana kosa langu darasani lilikuwa hilo hilo.

Wako watakaosema kuwa aliyeondoka aliwaacha wenye haja. Maneno yao si mepesi, na mimi naweza kuyaongezea uzito. Twende Kibera. Mwanzoni mwa karne iliyopita askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles walipewa mahali pa kukaa katika msitu ule, na mwaka 1918 ardhi hiyo ilitengwa rasmi, eka 4,197. Walipewa makao lakini hawakupewa hati. Mji ukakua, msitu ukaisha, watu wa makabila yote wakaja kutafuta kazi, na ardhi ikamegwa pande zote. Wazee wa Kinubi walikwenda ofisi hii wakatumwa ofisi ile; waliokufa waliwaachia watoto wao barua na kumbukumbu. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoangalia haki za watoto iliamua kuwa watoto wa Kinubi wamenyimwa haki yao ya uraia. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya eka 288. Hesabu mwenyewe tofauti ya eka, na uhesabu miaka iliyopita katikati.

Wazee hao hawakuwa na cheo cha kuacha. Mwenye nyumba ya mabati pale Makina au Laini Saba hawezi kuandika barua ya kujiuzulu umaskini wake. Basi aweza kuuliza kwa haki, "Nyinyi wenye dhamiri mkiondoka barazani kwa sababu pana harufu mbaya, mnatuachia nani atakayetusemea?" Hili ndilo lililotokea mlangoni petu Kawangware: mwaminifu alipotoka, bei ilipanda. Asiyelisikia swali hilo moyoni mwake hajastahili kukaa wala kuondoka.

Lakini upande wa pili nao una neno. Mtu mwema akikaa katika kundi linalotenda mabaya, wema wake huwa kama kanzu nyeupe iliyotandikwa juu ya meza chafu. Watu hutazama kanzu, wakasema meza ni safi. Wenzake humtumia jina lake kufunika matendo yao. Naye mwenyewe hujidanganya akisema, "Nitabaki ili nirekebishe," na kila siku huongeza kidogo kile anachokivumilia, mpaka siku moja hana tena cha kurekebisha, kwa sababu amefanana nao. Nani kati yetu hajamwona mtu wa namna hiyo? Kubaki si ushujaa wakati wote. Pengine kubaki ni kupenda kiti tu, na kiti hakikosi udhuru.

Historia ina mifano ya namna nyingi. Katika Amerika ya Kusini, jemadari José de San Martín alisaidia kuzikomboa Argentina, Chile na Peru kutoka katika utawala wa Hispania. Mwaka 1822, baada ya kukutana na Simón Bolívar katika mji wa Guayaquil, aliweka chini mamlaka yake ya Peru, akaondoka bila ya kupigania utawala, na akafa Ufaransa mwaka 1850. Karibu na sisi, Julius Nyerere aliacha uwaziri mkuu wa Tanganyika mwezi Januari 1962, majuma sita tu baada ya uhuru, ili aende vijijini kukijenga chama upya; akarudi mwaka ule ule akiwa Rais. Hapa Kenya, Jaramogi Oginga Odinga aliuacha umakamu wa Rais mwezi Aprili 1966, akasema waziwazi kwa nini, akaunda chama cha upinzani cha KPU, na mwaka 1969 chama kikapigwa marufuku naye akawekwa kizuizini. Ni kiti hicho hicho cha Odinga alichokalia Murumbi, na yeye naye akakiacha katika mwaka huo mmoja.

Hawa wote waliacha vyeo, lakini hawakufanya jambo moja. Nyerere aliacha ili afanye kazi nyingine ya umma. Odinga aliacha ili apinge. San Martín aliacha ili asiwagawe watu walioanza tu kuwa huru. Kwa hiyo ni upuuzi kuuliza kama kuacha cheo ni kwema au ni kubaya, kama vile ni upuuzi kuuliza kama kufunga mlango ni kwema. Hutegemea nani yuko nje, na nini kiko ndani.

Mimi naona kuwa mtu anayetaka kuweka cheo chini anapaswa kujibu maswali matatu. La kwanza: je, umejaribu kurekebisha kwa nguvu zako zote, au umechoka tu? La pili: je, umesema? Maana anayeondoka akijua ubaya na asiuseme ameondoka na ufunguo wa nyumba inayoungua. La tatu: je, unakwenda kufanya nini? Mikono iliyoweka chini mzigo mmoja haina ruhusa ya kukaa mitupu.

Tukimpima Murumbi kwa swali la tatu, mizani yake ni mizito. Mkusanyo wake wa vitabu na nyaraka, ambao una zaidi ya vitabu 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, aliiuzia Serikali ya Kenya badala ya kuupeleka nje ya nchi. Leo upo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo la mawe lililo kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, ambalo wewe hulipita ukikimbilia matatu. Ingia siku moja. Utakuta kuwa mtu aliyeacha kuisemea nchi kwa ulimi aliendelea kuisemea kwa vitu vilivyo kimya: vinyago, nguo, stempu, barua. Alipokufa mwezi Juni 1990 alizikwa katika City Park, karibu na kaburi la Pinto. Hata katika kifo alichagua kukaa na rafiki yake kuliko kukaa na wakubwa.

Lakini tukimpima kwa swali la pili, mimi siwezi kumsifu kwa moyo wote, na sitaki wewe unifuate kama sifa hiyo huioni. Wakati ule nchi ilihitaji kuambiwa. Mtu aliyeijua nyumba kutoka ndani, tena mtu aliyeaminiwa na wengi, alikuwa na neno ambalo wengine hawakuwa nalo. Yamkini aliona kuwa kusema kungeleta hatari, na hatari ilikuwa ya kweli. Damu ya Pinto ilikuwa haijakauka, na Odinga aliyesema alilipa kwa kufungwa. Nani aliye salama katika kiti chake leo atamwita mwoga? Si mimi, neno hilo nimekwisha kulitumia vibaya mara moja. Nasema tu kuwa alilipa deni moja kwa ukamilifu, na deni jingine akaliacha. Kwa kusema hivi hatumvunjii heshima. Ni kumheshimu kama mtu, maana sanamu ndizo zisizokuwa na madeni.

Sasa nirudi kwa kijana wa Kibera. Nilimpima kwa maswali hayo hayo matatu. Je, alijaribu? Ndiyo, alikataa fedha. Je, alisema? Alikuja mara mbili. Je, alikwenda kufanya nini? Alirudi katika safu, akasimama pamoja na wenzake akiwa na sahani yake kama wao. Kosa lilipotafutwa, halikuwa kwake. Kosa lilikuwa kwangu mimi niliyeketi nyuma ya mlango nikisema, "Rudi baadaye." Tunawalaumu sana wanaoondoka kimya, na hatuulizi ni masikio mangapi yalizibwa kabla hawajanyamaza. Mara nyingi mtu huacha cheo baada ya wenye kusikiliza kuacha cheo chao kwanza.

Nilimwita mbele ya darasa lile lile, kwa sababu kosa lililofanywa hadharani halisafishwi faraghani. Nikamwomba radhi. Darasa likawa kimya. Kisha akasema, "Nashukuru, Mwalimu. Lakini yule msichana je?" Hakuuliza juu ya beji. Aliuliza juu ya msichana wa kidato cha kwanza. Jioni ile tulikwenda nyumbani kwao, mimi na mwalimu mwenzangu wa kike, tukazungumza na mama yake, na Jumatatu msichana akarudi. Utaratibu wa mlangoni ukabadilishwa, na orodha ikashikwa na mtu mzima. Kijana hakurudishiwa beji kwa kuwa hakuitaka, nasi hatukumlazimisha.

Basi, msomaji, siku yako itafika. Pengine utakuwa kiranja, karani, mzee wa mtaa, Mbunge, au balozi katika nchi ya mbali. Utakabidhiwa kitu cha watu. Siku utakapoona kuwa mikono yako inatetemeka, usiharakishe kukiangusha, wala usikibane kifuani kama chako. Jiulize yale matatu, na ujibu kwa kweli hata kama hakuna anayekusikia. Na siku mtu mwingine atakapokuja mlangoni pako akiwa na jambo zito usoni pake, hata ukiwa na madaftari mia ya kusahihisha, weka kalamu chini, umsikilize.